Gari ya zimamoto ya kaunti: mpya, ya msaada, ya kujengewa hapa, au ya kukodi?

Kila bajeti ikikaribia utaskia MCA fulani, yaani mwakilishi wa wadi, amesimama kwa bunge la kaunti anauliza mbona kaunti yetu iko na gari moja tu ya zimamoto, na hiyo moja yenyewe iko juu ya mawe. Jibu huwa ni lile lile, mwaka wa fedha ujao tutanunua. Na mara nyingi inanunuliwa kweli, gavana anapigwa picha ameshika usukani, ving'ora vinalia, watoto wa shule wanashangilia, alafu miaka michache baadaye hiyo mpya imeegeshwa kando ya ile mzee na zote mbili zinangoja spea.

Mimi sina shida na kununua. Shida yangu ni kwamba wakubwa wakikaa kuchagua wanalinganisha bei ya siku ya kwanza peke yake, na hiyo kwa kweli ndio sehemu ndogo ya hesabu. Kwa hivyo wacha tulinganishe njia nne ambazo kaunti huwa nazo mezani, lakini tuangalie kila moja inaangukia mfuko gani, mwaka wa kwanza na mwaka wa kumi.

Naongea juu ya kaunti za Kenya manake huku ndiko zimamoto ni mzigo wa kaunti, Katiba ya 2010 kwenye Jedwali la Nne ndiyo imeweka hivo. Ndugu zetu wa Tanzania mpangilio wao ni mwingine, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni la taifa zima, liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani kwa sheria ya 2007, kwa hivyo diwani wa Tanga hana haja ya kugombana na mtu juu ya bei ya pampu. Wasome tu kwa kujifurahisha, ingawa ile sehemu ya maji na koplingi za mipira inawahusu pia.

Hesabu ya watu kwanza

Chukua gari moja. Inatoka na watu 5: dereva ambaye pia ndiye anasimamia pampu, kiongozi wa kikosi, na wazima moto 3. Moto hauna saa za ofisi kwa hivyo unahitaji makundi 4 ya kupokezana, hapo tayari ni watu 20, na kwa sababu watu huenda likizo, huugua, huenda kozi, ongeza 4 wa kuziba mapengo. Jumla 24 kwa gari moja. Sasa tuseme, na huu ni mfano tu, weka namba za kaunti yako mwenyewe, kila mmoja anakugharimu shilingi 45,000 kwa mwezi ukiweka na marupurupu. Hiyo ni milioni 12.96 kwa mwaka. Gari ikifanya kazi miaka 15 umelipa zaidi ya milioni 194 za mishahara na hujapandisha mtu cheo hata mmoja. Hata kama gari yenyewe ulinunua milioni 50, ni kama robo tu ya pesa ya watu wake, na hatujagusa dizeli, tairi, bima, mipira ya maji wala magwanda.

Na hapo ndio sheria za pesa zinaleta kizungumkuti. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, na kanuni zake za 2015 zinasema mishahara isipite asilimia 35 ya mapato. Gari mpya inahesabiwa maendeleo, inakusaidia kufikisha ile 30, kwa hivyo watu wa hazina ya kaunti wanaipenda sana. Wale watu 24 wa kuiendesha wanaingia upande wa mishahara, ambako kaunti nyingi zishapita 35 kitambo. Dizeli na sevisi nazo ziko kwa matumizi ya kawaida, ile voti (fungu la bajeti) ambayo mgao wa kutoka Nairobi ukichelewa ndio inakatwa ya kwanza. Yaani mfumo wenyewe unakusukuma ununue chuma, alafu unakubania ukitaka kuiwasha.

Ukishika hiyo, zile njia nne zinaanza kuonekana tofauti kabisa.

Mpya kutoka nje na ya msaada

Hizi mbili nazilinganisha pamoja kwa sababu ndizo hushindana sana vichwani mwa watu. Moja ni ghali na safi, nyingine ni "ya bure". Hiyo bure niachie kidogo, tutairudia.

Gari mpya kutoka kiwandani, iwe Rosenbauer ya Austria au Ziegler ya Ujerumani au nani, inakuja na vitu ambavyo huwa tunavidharau: waranti, kitabu cha spea, mtu wa kuja kufundisha madereva wako pampu, na zaidi ya yote wewe ndiye unaandika unataka tangi la lita ngapi na koplingi gani. Miongozo ya Marekani, ile ya NFPA, shirika lao la viwango vya zimamoto, hushauri gari ikipita miaka 15 itolewe mstari wa mbele iwekwe akiba, na ikifika 25 ipumzishwe kabisa. Kwa hivyo ukinunua mpya umenunua kama miaka 15 ya kazi ya kwanza na ikitunzwa vizuri unapata kumi ya akiba juu.

Ubaya wake wa kibajeti sio bei tu. Ni muda. Gari kama hiyo haikai dukani, unaagiza inajengwa, na kujengwa kunaweza kupita mwaka mmoja kwa urahisi. Mwaka wetu wa fedha unaisha tarehe 30 Juni, na pesa ambayo haijatumika haikungoji, idhini yake inaisha na inabidi irudishwe kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Sasa tenda imetangazwa Novemba, kuna mtu amepeleka malalamiko kwa bodi ya rufaa, mkataba umesainiwa Machi, kiwanda kinataka malipo ya kwanza, IFMIS, ule mtandao wa malipo ya serikali, iko chini, Juni imefika. Mwaka unaofuata bunge linaona "mbona tunabajeti gari ile ile mara mbili" na mtu anaipunguza nusu. Kama unakwenda njia hii, gawanya malipo kwa miaka miwili tangu mwanzo, iandikwe wazi kwenye mpango wa manunuzi, usijifanye itafika ndani ya miezi tisa.

Ya msaada inaruka huo usumbufu wote, na ndio utamu wake. Uingereza kuna muungano wa mashirika unaitwa FIRE AID ambao umesimamia sana habari ya kupeleka magari na vifaa nchi za nje, na pia kuna wanaoleta mafunzo badala ya chuma, kama Wapolandi wa PCPM ambao wamefundisha wazima moto wa hapa Kenya, au Africa Fire Mission kutoka Cincinnati. Ukiniuliza mimi, mafunzo ndio msaada bora zaidi kati ya hiyo yote, hayalipi storeji bandarini.

Manake hiyo ndio bili ya kwanza ya gari ya "bure". Meli, ajenti wa forodha, kibali cha msamaha wa kodi ambacho lazima uombe kabla meli haijatia nanga Mombasa, bima ya safari, dereva wa kuipeleka kaunti. Barua ya msamaha ikichelewa, gari inakaa bandarini inahesabiwa siku, na hizo siku hakuna mahali zimeandikwa kwenye bajeti kwa sababu kila mtu alijua gari ni ya bure. Alafu umri. Kikosi cha Uingereza kinaachilia gari ikiwa imefanya kazi miaka kumi na kitu, kwa hivyo ikifika kwako inakaribia ile miaka 15 ya kuwekwa akiba. Wewe unaipokea kama gari ya kwanza, na pengine ndio ya pekee.

Sasa sikiliza mambo matatu ambayo hayaandikwi kwenye barua ya msaada.

La kwanza ni maji. Gari ya kawaida ya Uingereza inabeba kama lita 1,800 tu, kwa sababu huko kila barabara iko na haidranti, yaani bomba la barabarani la kujazia gari ya zimamoto, yenye maji. Fungua mpira wa milimita 45 unaotoa lita 450 kwa dakika, hizo lita zinaisha dakika 4. Dakika nne! Kisha unaanza kutafuta haidranti, na haidranti nyingi za miji yetu ama zimefunikwa na vibanda, ama ni kavu, ama zimepigwa lami juu. Watu wanarusha mawe wakisema zimamoto wamekuja bila maji, kumbe walikuja na maji ya kutosha mtaa wa Birmingham. Kama mji wako hauna haidranti zinazofanya kazi, gari ya Uingereza bila lori la maji la kuifuata haijakamilika, na hilo lori liweke kwa hesabu ya "bure".

La pili ni spea. Chukua Dennis, ambayo Waingereza walitumia sana. Kiwanda chake cha Guildford kiliacha kutengeneza magari ya zimamoto 2007. Ile Dennis Sabre ina injini ya Cummins na giaboksi ya Allison, kwa hivyo upande wa injini hapa Nairobi hutapata shida sana, Cummins tunaijua. Ila kioo cha mbele, milango, vitu vya kebini na bodi, hapo utakuwa unategemea kuua gari moja kuokoa nyingine. Ndio maana kama unapokea, pokea mbili za aina moja, moja utajua mwenyewe itaishia wapi. Ukipokea moja ya Dennis, moja ya Volvo na moja ya Mercedes kutoka kwa wafadhili watatu, umejipa stoo tatu za spea na fundi mmoja.

La tatu ni koplingi, vile vichwa vya kuunganishia mipira. Huku tulirithi mtindo wa Kiingereza, ile ya inchi mbili na nusu ya kubonyeza inajifunga. Wajerumani na Wapolandi wanatumia Storz, ya kuzungusha. Hazishikani. Gari ya kutoka Ujerumani, iwe mpya iwe ya msaada, bila adapta haiwezi kusaidiana na ile ingine ya stesheni usiku wa moto mkubwa. Adapta ni pesa ndogo sana lakini lazima mtu azikumbuke kabla, na kwa tenda ya mpya unaandika tu mstari mmoja kwenye maelezo na imeisha. Kwa msaada hakuna tenda, hakuna maelezo, unachukua kilichopo.

Ongeza magwanda. Misaada mingi inakuja na magwanda na mitungi ya hewa, na tunashukuru, lakini NFPA inasema gwanda likifika miaka 10 tangu litengenezwe litolewe kazini hata kama linaonekana zuri, na mitungi ile myepesi ya nyuzi za kaboni hupimwa kwa presha kila miaka 5 na mwisho wake ni miaka 15. Soma tarehe iliyochapwa kwenye mtungi kabla hujasema asante kwa sauti kubwa. Mtungi wa miaka 13 ni zawadi ya miaka miwili.

Kwa hivyo kati ya hizi mbili: ya msaada inashinda kama tayari uko na gari ya kwanza inayofanya kazi na unatafuta ya akiba au ya kufundishia. Kama ndio itakuwa gari yako ya pekee, hapana, labda usiwe na njia nyingine kabisa.

Ya kujengewa hapa

Hii ndio naona watu wanaiacha bila sababu, kwa sababu haina picha nzuri. Unanunua chesisi ya lori inayounganishwa hapa hapa, mfano Isuzu FVZ, wale wa Isuzu East Africa ambao hadi 2017 walikuwa General Motors, kisha fundi wa bodi anaweka tangi, pampu, makabati na ving'ora. Lori lile lile linalobeba mawe na maji kila mahali nchini. Tairi zake ziko Garissa, filta ziko Bungoma, fundi anayelijua yuko kila mji.

Kwa matumizi ya kawaida hakuna njia inayoishinda hii. Sevisi unaweza kuifanya kwa gereji ya kaunti yenyewe, na sheria ya manunuzi ya 2015 inakuruhusu mkataba wa matengenezo wa hadi miaka 3 ambao unaita kazi inapotokea bila kutangaza tenda upya kila mara filta imeziba. Tangi unaweka kubwa, lita 8,000 au 10,000, ambalo kwa mji wenye haidranti kavu ni bora kuliko pampu ya kifahari.

Hatari yake iko kwa fundi wa bodi. Lita 10,000 ni tani 10 za maji zinazotembea nyuma yako, na tangi lisipowekwa kuta za ndani za kuzuia maji kuyumba, kona moja ya mwendo kasi inatosha kulipindua. Kuna mafundi wa bodi wamezoea bowser, yaani malori ya tangi ya kupeleka maji sites, hizo zinaenda pole pole, gari ya zimamoto haiendi pole pole. Kwa hivyo kwenye tenda andika kuta za ndani, andika pampu iwe ya kiwanda kinachojulikana na siyo ya kunyunyizia shamba, andika ipimwe mbele yako kwa lita na presha kabla ya malipo ya mwisho, na shikilia asilimia fulani ya pesa mpaka miezi kadhaa ya kazi ipite. Ukikosa mtu wa kusimamia hayo, basi hii njia inaweza kukupa lori la maji lililopakwa rangi nyekundu.

Kitu kingine, haiji na mafunzo. Hapo ndio unawaita wale wafadhili wa mafunzo niliowataja, na wao wanafurahi manake wanakuta gari inayowaka.

Ya kukodi

Kukodi kwa mkataba wa miaka kunaonekana tamu sana kwa karatasi. Hulipi milioni nyingi mara moja, kampuni inasimamia sevisi, gari ikiharibika wanaleta nyingine. Polisi wetu wamekuwa wakikodi magari tangu 2013 na watu huuliza kwa nini zimamoto wasifanye hivo hivo.

Mimi nasema angalia mifano miwili kabla ya kusaini.

London ilifanya hii kitu kwa ukubwa. Mwaka 2001 kikosi cha zimamoto cha London kilisaini mkataba wa miaka 20 ambapo magari na vifaa vinamilikiwa na kutunzwa na kampuni binafsi, kikosi kinalipa tu kila mwaka. Kampuni iliyokuwa inashikilia, AssetCo, ikaingia kwenye matatizo ya pesa, na 2012 biashara yake ya London, na magari ya kuzima moto ya mji mzima ndani yake, ikauzwa kwa pauni 2. Sio milioni mbili, pauni mbili, pesa ya soda. Baadaye 2014 kazi ikaenda kwa Babcock. Moto uliendelea kuzimwa muda wote huo, hilo lazima niseme, lakini fikiria ndio wewe mkuu wa zimamoto unasoma gazetini kwamba magari yako yote yamebadilisha mwenyewe kwa pauni mbili. Na London wana mawakili wa kutosha kujaza uwanja wa Kasarani, kaunti yako iko na wangapi?

Mfano wa pili ni wa hapa nyumbani, ule mpango wa vifaa vya hospitali, MES, ulioanza Februari 2015 kwa mikataba ya miaka 7 na hospitali 98. Kila kaunti ilianza kukatwa milioni 95 kwa mwaka na kufikia 2018/19 ikawa milioni 200, na pesa ilikuwa inakatwa juu kabla haijafika kaunti. Seneti ilipochunguza ikakuta mashine zimelala kwa hospitali ambazo hazikuwa na stima au maji au mtu wa kuzitumia. Ndio ile hesabu ya watu 24 tena, umekodi mashine na hukukodi watu.

Faida ya kukodi ni moja lakini ni kubwa: inalazimisha sevisi ilipwe. Kaunti ikinunua, voti ya sevisi inakatwa na hakuna anayelia mpaka siku ya moto. Ikikodi, kampuni inalia kila mwezi. Lakini hiyo hiyo ndio hatari. Malipo yote yanaingia kwa matumizi ya kawaida, hayakusaidii na ile asilimia 30, na kaunti zetu kwa pamoja ziko na madeni ya wakandarasi na wauzaji yaliyopita shilingi bilioni 150. Mgao ukichelewa miezi mitatu kampuni inakuja kuchukua funguo. Gari ya kununua ukikosa pesa inabaki stesheni angalau.

Kama lazima ukodi, mambo ambayo singesaini bila hayo: bei ya kila mwaka iandikwe kwa shilingi hadi mwaka wa mwisho na siyo "kulingana na soko", gari ibaki ya kaunti mwisho wa mkataba kwa bei iliyotajwa, kampuni ikifilisika kaunti iwe na haki ya kwanza ya kuchukua magari, na adhabu ihesabiwe kwa saa gari imelala, siyo kwa mwezi. Na muda usipite sana uchaguzi, gavana mpya anayekuta mkataba wa miaka 10 wa mtangulizi wake wa kwanza kufanya ni kuupeleka kortini.

Ile ndogo ambayo haiko kwa orodha

Kabla hujamaliza pesa yote kwa lori kubwa, tembea Gikomba, Mukuru, Kibera, au Mji wa Kale pale Mombasa ukiwa na futi ya kupimia. Lori halipiti. Lamu ndani kabisa hata pikapu haipiti. Land Cruiser pikapu yenye tangi dogo na pampu ya presha kubwa nyuma inaingia mahali lori linabaki barabarani na watu wakivuta mipira kupitia vichochoro. Haichukui watu 5, inaenda na 3, kwa hivyo hata ile hesabu ya mishahara inapungua. Kwa pesa ya lori moja la kutoka nje unaweza kupata kubwa moja ya kujengewa hapa na pengine moja ndogo juu. Peke yake haitoshi, maji yake ni kidogo sana, ila ikifika moto ungali kwa chumba kimoja hayo maji yanatosha.

Pesa ya kuiendesha itoke wapi

Watu wengi hufikiri zimamoto inajilipa, kwa sababu kila biashara inalipia ukaguzi na cheti cha moto ikienda kuchukua leseni. Zinakusanywa kweli. Lakini Kifungu cha 207 cha Katiba kinataka mapato yote ya kaunti yaingie kwenye mfuko mmoja wa mapato, isipokuwa yale ambayo sheria ya bunge la taifa imeyatoa. Hospitali zilipata sheria yao 2023, sasa zinabakisha zile pesa wanazokusanya. Zimamoto hawana kitu kama hicho. Kwa hivyo mkuu wa zimamoto akusanye milioni ngapi, zinaenda mfukoni pamoja na za parking na za soko, na yeye anapanga foleni kama idara nyingine. Kitu anachoweza kufanya ni kwenda na hizo namba kwa kikao cha bajeti: tulikusanya hizi, tunaomba kiasi fulani chake kiwe voti ya sevisi na dizeli. Sio haki ya kisheria, ni hoja tu, ila ni hoja nzuri na wachache sana wanaitumia.

Na mfuko wa dharura wa kaunti? Usiuguse kwa gari. Huo unaruhusiwa kwa jambo la ghafla ambalo halikutarajiwa na haliwezi kungoja, na waziri wa fedha wa kaunti akishalipa lazima atafute idhini ya bunge la kaunti ndani ya miezi miwili. Kukosa gari ya zimamoto kwa miaka sita sio jambo la ghafla, na Mkaguzi Mkuu ataandika hivyo hivyo kwenye ripoti. Mfuko huo ni wa mablanketi, chakula, na dizeli ya kuzima moto uliodumu siku tatu.

Mimi ningegawa hivi

Kaunti yenye mji mkubwa, viwanda na majengo marefu, tuseme Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru, wanunue mpya kutoka nje kwa kazi ambazo hazijengwi hapa, yaani ngazi ndefu na gari za povu za moto wa mafuta. Kwa lita na mwendo wa kawaida wajenge hapa. Wanaonunua kumi za Ulaya kwa ajili ya moto wa mabanda wanatupa pesa.

Kaunti ya kati yenye miji mitatu minne iliyotawanyika, ijenge mbili hapa badala ya kununua moja nje, iziweke miji tofauti. Gari nzuri kilomita 90 kutoka kwa moto ni ya kuja kuhesabu majivu. Ichukue msaada wa mafunzo, na wa gari kama ni ya akiba.

Kaunti ndogo yenye watu wanane wa zimamoto na hakuna ruhusa ya kuajiri, hiyo isinunue lori lolote mwaka huu, hata wakitukanwa. Watu wanane hawawezi kuendesha lori saa 24, tushapiga hesabu. Land Cruiser moja, bowser ya kaunti ambayo tayari iko kwa idara ya maji ifungwe koplingi na pampu ya kubebeka, makubaliano ya maandishi na kaunti jirani juu ya nani anaita nani na nani analipa dizeli, alafu vita ya kuajiri watu ianze.

Kukodi naacha kwa yule ambaye mgao na mapato yake ya ndani vinaingia kwa wakati. Ukimpata uniambie ni kaunti gani.

Tarehe za kukumbuka ni tatu. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima uwe umefika bungeni tarehe 1 Septemba, na kama gari haimo humo utaambiwa "haikupangwa". Waraka wa mkakati wa fedha unapelekwa kufikia 28 Februari, hapo ndio viwango vya kila idara vinafungwa, na ndipo upiganie ule mstari wa sevisi, siyo baadaye. Makadirio yenyewe yanapelekwa kufikia 30 Aprili. Wengi hujitokeza Mei kwenye kikao cha maoni ya umma kuomba gari, wakati huo kilichobaki ni kumnyang'anya mtu mwingine, na huyo mtu mara nyingi ni barabara ya wadi ya mwenyekiti wa kamati ya bajeti.